Kabla ya Runinga: Amandina Lihamba na Kicheko cha Hawala

Husemwa, tena na watu waliosoma, ya kwamba mwanamke wa Tanzania hakuwa na mahali katika uchekeshaji mpaka runinga ilipomfungulia mlango. Na kauli hiyo nimeisikia hata Nachingwea na Ruangwa, nchi ambako nyakanga na wenziwe, tangu enzi za mababu, huwafunda wari unyagoni kwa nyimbo na maigizo, wakimwiga mume mvivu na mkwe mkali hata watazamaji wakashika mbavu. Madhali hadhira ile ni ya wanawake peke yao, mwanahistoria huiona si kitu: akitaja Nachingwea hukumbuka mradi wa karanga wa mwaka 1947 na kambi ya FRELIMO, asiulize wanawake wa huko walikuwa wakicheka nini.

Runinga yenyewe haikufika Bara ila mwaka 1994, na kundi la Ze Comedy lilipopata sifa katika muongo wa kwanza wa karne hii, bibi kizee aliigizwa na Joti, naye ni mwanamume. Kama huo ndio mlango uliofunguliwa, sijui nani aliyepita.

Vichekesho vya zama za ukoloni, vya mshamba aliyeingia mjini akaibiwa hata alichoficha, vinajulikana, wala sina haja ya kuvirefusha. Hikaya ya namna hiyo ndiyo ya filamu ya Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Kawawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Ebrahim Hussein naye alichota katika kisima hicho alipotunga tamthilia ya Alikiona.

Lakini kitabu kinachopitwa bila insafu ni Hawala ya Fedha, kilichotolewa mwaka 1980, tamthilia ya Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro mwaka 1944, mwigizaji na mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wako wanaokidharau kwa hoja kwamba hikaya yake ni ya Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekwisha kuifanya filamu mwaka 1968. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani kwa mizani hiyo hata Shakespeare hatabakiwa na mengi. Mzee Dieng wa Dakar analetewa hawala na mpwa wake aliyeko Paris, naye, kwa kuwa hana kitambulisho, anatumwa kutoka dirisha hili hadi lile, na kila dirisha linampunguzia heshima na akiba, ilhali nyumbani wakeze wawili wamekwisha kukopa mchele kwa matumaini ya fedha ambayo hakuna aliyeiona. Mtu aliyezoea jukwaa hutambua mara moja kilichomvuta Lihamba: kila dirisha ni kichekesho kamili, chenye mwanzo na mwisho wake, na mtazamaji hucheka akijua ya kwamba kinachofuata kitakuwa kilekile, ila hasara imezidi. Mkulima wa korosho wa Ruangwa, aliyeambiwa benki ya kwamba jina la kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye daftari la chama cha msingi, hahitaji kufafanuliwa kadhia ya Dakar. Naye mkewe, aliyekwisha kuchukua sukari na kanga kwa mkopo, hahitaji kufafanuliwa ya wale wake wawili.

Mwaka 1982 Lihamba alishirikiana na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya kutoa Harakati za Ukombozi, tamthilia ya siasa ambayo wahakiki wameipa haki yake, nami sitaongeza. Mwaka 1985 ikatoka filamu ya Arusi ya Mariamu, ambamo yeye ndiye Mariamu, mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi; si filamu ya kuchekesha hata kidogo, na kwa kuwa filamu husafiri mbali kuliko tamthilia, wengi wa nje wanaomtaja Lihamba humtaja kwa ugonjwa wa Mariamu, wasijue ya kwamba miaka mitano kabla yake alikuwa akimsimamisha mzee wa watu dirishani, hadhira ikicheka.