Mashujaa wa Njia ya 58

Tarehe 1 Februari 2004 sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wa wakati huo, zilianza kufanya kazi. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Kuhusu mikanda na mwendo, waziri alikuwa na haki kabisa. Lakini michoro nayo ilikwenda na maji. Dedan Kimathi, Malcolm X, Bob Marley, Tupac: sura zilizokuwa zikipamba matatu za Eastlands, Nairobi, zikafunikwa kwa rangi tupu.

Sanaa hii ina kaka yake wa kale. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo, Kerameikos ulikuwa mtaa wa wafinyanzi mjini Athens. Hapo mafundi walichora mashujaa wa vita vya Troya juu ya mitungi ya divai na mafuta, vyombo vya kuuzwa na kutumiwa. Bingwa wao, Exekias, aliwachora Achilles na Ajax wameinamia mchezo wa dadu, mikuki ingali mikononi. Maneno yanawatoka vinywani: Achilles anataja nne, Ajax tatu. Tayari mtazamaji anajua nani kashinda, na kwamba wote wawili hawatarudi kwao wakiwa hai. Sijaona picha ya vita inayouma kama hiyo, ilhali hakuna hata tone la damu. Exekias akaandika jina lake: yeye ndiye aliyefinyanga, yeye ndiye aliyechora.

Afrika nayo imo. Mtungi mwingine unaohusishwa na fundi huyo, uliopo British Museum, unamwonyesha Memnon, mfalme wa Waethiopia aliyeuawa na Achilles huko Troya, akiwa kati ya wasaidizi wake wawili Waafrika.

Mitungi hiyo ilisalimika kwa sababu ya biashara na mauti. Mingi iliuzwa kwa Waetruski wa Italia, nao wakaizika pamoja na wafu wao. Ule wa Achilles na Ajax ulifukuliwa Vulci, na sasa uko Vatican.

Matatu haina kaburi la kuihifadhi. Bodi hupigwa msasa, hupakwa upya, huuzwa, mwishowe hukatwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu michoro irudi, na nganya, yaani matatu zilizorembwa, za Buruburu (njia ya 58), Umoja na Kayole zikang'ara tena. Ila kazi ya miaka ya 1990 haikufufuka, na wengi walioichora hawatajwi popote.

Kwa hiyo, msomaji, kama una picha ya matatu ya enzi hizo kwenye albamu ya nyumbani, usiitupe. Andika nyuma yake mwaka, namba ya njia na jina la mchoraji kama unalikumbuka. Nawe fundi unayepuliza rangi leo, tia jina lako kwenye kazi yako, kisha uipige picha kabla haijatoka karakana.