"Nakubali": somo la Idete kwa mwenye simu

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipopakua programu ya bure. Yalitokea maandishi marefu, chini yake kitufe kimeandikwa "Nakubali". Ulisoma? Usijali, na sisi huwa hatusomi. Lakini neno hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko Bonde la Kilombero.

Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara. Katika muongo uliofuata maabara ya utafiti ikaanzishwa pale, na ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Bonde lenye mpunga, mafuriko na mbu kibao: kwa wanaochunguza malaria, hilo lilikuwa darasa tosha.

Mwaka 1993, kijijini Idete, ilijaribiwa SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia. Walishiriki watoto 586 wa mwaka 1 hadi 5. Wengine walichomwa chanjo, wengine sindano ya kulinganishia, na si mzazi wala mtafiti aliyejua nani kapata ipi. Matokeo yaliyotolewa 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio ya baadaye Gambia na Thailand hayakuiona kinga hiyo, na chanjo ikaachwa.

Sasa subiri kidogo. Kama mzazi hajui mwanawe kachomwa nini, ameridhia nini?

Kanuni za utafiti, tangu Nuremberg 1947 na Helsinki 1964, zinataka mhusika aelezwe kwanza. Katika jaribio la aina hii, siri yenyewe inatajwa wazi: kuna makundi mawili, hutajua uko lipi, sababu ni hii, na unaweza kujitoa siku yoyote. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. Yaani mtu anaweza kukubali kufichwa jambo, mradi ameambiwa kwamba lipo.

Programu za kijasusi hazikwambii hata kwamba kuna siri. Mwaka 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni iliyotengeneza tochi ya simu ya bure, Brightest Flashlight, iliyopakuliwa mara makumi ya mamilioni. Tochi hiyo ilituma taarifa za mahali simu ilipo kwa watu wa matangazo, na ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali au kukataa. Kitufe kilikuwa pambo tu.

Na hapa kwetu? Bila shaka umesikia habari za mdaiwa wa mkopo wa simu ambaye ndugu na bosi wake walipigiwa kuambiwa deni lake. Namba walizitoa wapi? Kwenye simu yake, siku aliyobonyeza "Nakubali". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zako zikusanywe kwa lengo halali na la wazi.

Basi leo fungua mipangilio ya simu yako, uangalie ruhusa ulizotoa, moja moja. Tochi inataka namba ya shangazi yako ili imulike nini?