Gugu Maji: Mvamizi Asiye na Silaha

Ulinzi wa nchi hauishii mpakani. Mwaka 1988 gugu maji lilionekana katika Ziwa Kyoga, na muda si mrefu likaenea katika Ziwa Viktoria. Halikuingia kwa mabavu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na binadamu ndiye aliyelileta Afrika kwa kupendezwa na ua lake la zambarau.

Katika miaka ya 1990 lilitanda kwenye ghuba za Jinja mithili ya mkeka. Chini yake mwanga na hewa vilipungua majini, mazalio ya samaki yakazibwa, na mitumbwi ikakosa njia. Upepo ulilisukuma hadi Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, likaziba vichujio vya mitambo. Hata mkazi wa Malukhu, mjini Mbale, aliye mbali na ziwa, hakusalimika na hatari hiyo, kwani umeme wake ulitoka Jinja.

Watu walilikata kwa mapanga, na mashine zikaletwa, likaota tena. Mwishoni mwa 1995 wataalamu waliachilia fukusi, wadudu wa huko huko Amerika ya Kusini wanaoishi kwa kulila. Kufikia 1998 sehemu kubwa ilikuwa imezama.

Hata hivyo halikuangamia. Mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi, na Mto Kagera huleta mimea mipya. Adui hushindwa na yule aijuaye asili yake. Wala lindo haliachwi kwa kuwa uwanja umetulia.