Uani na Mahame katika Delta ya Rufiji

Nyamisati ni kijiji cha wilaya ya Kibiti kilichoko upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, wanakopandia vyombo wasafiri wa kwenda Kilindoni, Mafia. Nyumba ya asili ya mwambao huu husimamishwa kwa miti ya mikoko, hukandikwa udongo na kuezekwa makuti. Nyuma yake ni uani: hapo hupikwa, hutwangwa mpunga na kusukwa mikeka ya ukindu, na hapo hupandwa mpapai, mgomba, mdimu na mchaichai. Mbele kidogo husimama minazi, miembe na mikorosho.

Miti hiyo ya matunda imetoka mbali. Mnazi na mwembe ilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mkorosho asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioufikisha pwani hii. Miti ya kujengea ni ya delta yenyewe, ambayo mikoko yake ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Unguja, Arabuni na Ghuba.

Mgeni akiukuta uani umeota majani huweza kudhani wenyewe ni wavivu. Sivyo. Mkulima wa mpunga wa Rufiji ana makazi mawili. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia huhamia shambani na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege na kufukuza nguruwe na viboko. Nyumbani wakati huo hakuna wa kufagia. Baada ya mavuno ndipo uani hufyekwa, mashina ya minazi husafishwa, makuti makavu hushushwa na ua husukwa upya.

Pigo zito kwa makazi haya lilikuja kwa njia nyingine. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la Rufiji kutoka kandokando ya mto na kuwaweka katika vijiji vya nyanda za juu. Operesheni hiyo ilitangulia ile ya nchi nzima ya kuwahamishia watu vijijini, ya miaka ya 1970. Ilikuwa na nia ya kuokoa maisha, lakini iliwatenga watu na udongo wenye rutuba na miti waliyoipanda wazee wao. Viwanja vikawa mahame. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa mwendo mrefu zaidi.

Hata hivyo hame halikuwa mali ya kuokotwa. Kwa desturi ya pwani, mti una mwenyewe hata kama ardhi inalimwa na mwingine, na mnazi hurithiwa kama nyumba. Mwembe uliobaki peke yake vichakani ni ushahidi wa ukoo uliokaa hapo, ushahidi wenye uzito kuliko maelezo mengi ya mdomo.

Mto wenyewe sasa umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa kwenye mto huo lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko yalizikumba tena wilaya za Rufiji na Kibiti. Watu wakihamishwa tena, halmashauri za vijiji ziandike kwanza miti ya kila uani na majina ya wenyewe, kabla wazee wanaoikumbuka hawajaondoka.