Daftari la Wakala

Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, huduma hiyo mpya iliegemea kifaa cha zamani sana: daftari. Simu ilihamisha pesa kwa sekunde chache, lakini mteja aliyefika kibandani alitoa kitambulisho, wakala akaandika kwa kalamu namba ya kitambulisho hicho, namba ya simu na kiasi cha fedha, kisha mteja akatia sahihi. Aliyesubiri nyuma yake kwenye foleni, kama ana macho, aliyasoma yote.

Hakuna aliyeshtuka sana. Walinzi wa majengo ya Nairobi nao waliwaandikisha wageni langoni vivyo hivyo.

Juni 2021 mambo yaligeuka. Wakenya walioingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walijikuta ni wanachama wa vyama vya siasa wasivyowahi kujiunga navyo. Nani alitoa namba za vitambulisho vyao? Wengi walinyooshea kidole madaftari ya mawakala na ya getini. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwapo tangu 2019, na kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, alikuwa hajatimiza mwaka ofisini malalamiko hayo yalipomfikia.

Tanzania, ambako M-Pesa ilianza 2008, ilitunga sheria yake mwaka 2022.