Watumishi Wanaoondoka: Makabidhiano ya Urais nchini Marekani, 1860 hadi 2012

Maandishi mengi kuhusu makabidhiano ya urais nchini Marekani hujikita katika kalenda: ni siku ngapi hupita kati ya uchaguzi na kiapo, na ni nani hasa anayetawala katika siku hizo. Insha hii inahoji mkabala huo. Inadai kwamba hatari ya kipindi cha mpito hutokana zaidi na mawaziri, manaibu na wasaidizi wao, ambao huondoka na kumbukumbu ya kazi kabla warithi wao hawajafika.

Abraham Lincoln alichaguliwa tarehe 6 Novemba 1860, lakini hakuapishwa hadi tarehe 4 Machi 1861. Katika miezi hiyo majimbo saba ya Kusini yalitangaza kujitenga. James Buchanan, rais aliyekuwa akimaliza muda wake, alishikilia kwamba majimbo hayana haki ya kujitoa, na kwamba serikali kuu nayo haina mamlaka ya kuyazuia kwa nguvu. Wanahistoria wamemlaumu sana kwa msimamo huo. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba Baraza lake la Mawaziri lilikuwa likibomoka. Howell Cobb wa Fedha alijiuzulu mwezi Desemba, kisha akaliongoza Bunge la muda la majimbo yaliyojitenga. Lewis Cass wa Mambo ya Nje alijiuzulu mwezi huohuo kwa sababu iliyo kinyume kabisa: Buchanan alikataa kuimarisha ngome za Charleston. John Floyd, Waziri wa Vita, aliondoka kabla ya mwaka kwisha, naye Jacob Thompson wa Mambo ya Ndani akafuata Januari. Wizara ya Fedha peke yake ilipitia mikononi mwa mawaziri watatu kabla Lincoln hajaapishwa.

Desturi ya kugawia wafuasi wa chama kilichoshinda nafasi za kazi, iliyoshamiri tangu enzi za Andrew Jackson, ilizidisha udhaifu huo. Lincoln, vita vikiwa mlangoni, alitumia sehemu kubwa ya wiki zake za kwanza kusikiliza waomba kazi. James Garfield alipouawa mwaka 1881 na mtu aliyenyimwa cheo serikalini, Bunge lilipitisha Sheria ya Pendleton ya 1883 na kuanzisha ajira kwa mitihani. Mwanzoni sheria hiyo iligusa takriban sehemu moja tu ya kumi ya watumishi wa serikali kuu.

Mfano wa mwaka 1933 unaonyesha upande wa pili. Kufikia Februari mwaka huo wananchi walikuwa wakikimbilia benki kutoa akiba zao, na tarehe 14 gavana wa Michigan alifunga benki zote za jimbo lake. Herbert Hoover alimwandikia Franklin Roosevelt, aliyekuwa amemshinda Novemba, akimwomba atoe tamko la kuwatuliza watu. Roosevelt hakukubali kujifunga na sera za mtangulizi wake. Baina ya vigogo hao wawili hapakuwa na maelewano. Chini yao yalikuwapo. Ogden Mills, Waziri wa Fedha wa Hoover, na naibu wake Arthur Ballantine waliendelea kukesha wizarani baada ya 4 Machi, pamoja na waziri mpya, William Woodin. Amri ya 6 Machi ya kufunga benki nchi nzima, na Sheria ya Dharura ya Benki iliyopitishwa tarehe 9 Machi, zilitegemea kwa kiasi kikubwa rasimu zilizoandaliwa chini ya Hoover. Sifa ya siku hizo hupewa Roosevelt, na si kwa haki kamili.

Marekebisho ya 20 ya Katiba yalisogeza kiapo hadi tarehe 20 Januari, utaratibu uliotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Sheria ya Makabidhiano ya Urais ya 1963 ikaongeza fedha za umma kwa ajili ya maandalizi. Wakati huohuo nafasi za uteuzi wa kisiasa ziliongezeka hadi kufikia takriban 4,000, na kati ya hizo zaidi ya 1,000 zinahitaji idhini ya Seneti. Muda ulipungua, kazi ikaongezeka.

Mwaka 2000 mgogoro wa kura za Florida ulimalizwa na Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba, zikiwa zimebaki siku zisizofika 40. Tume iliyochunguza mashambulizi ya 11 Septemba 2001 ilieleza kwamba wengi wa wateule walio chini ya manaibu waziri hawakuwa ofisini hadi kiangazi cha mwaka huo. Ni kweli kwamba George Tenet alibaki kuwa mkuu wa CIA, naye Richard Clarke akaendelea kushughulikia ugaidi Ikulu. Na Tume haikudai kwamba ucheleweshaji ndio uliosababisha mashambulizi. Ilichopendekeza ni kuharakisha uchunguzi wa kiusalama wa wateule, jambo lililoingizwa katika sheria ya 2004. Idadi ya nafasi zenye kuhitaji idhini haikuguswa hadi mwaka 2012, Bunge lilipoondoa zaidi ya 160.