Nyumba za Mkopo: Historia Fupi kwa Wanachama wa Homa Bay na Migori



Baada ya hesabu za michango na majina ya ndugu waliotutoka, Kamati imeona yafaa kuweka katika kijitabu hiki maneno machache ya historia. Sababu yake ni swali ambalo wanachama wameuliza mara nyingi mikutanoni: fedha za benki za maendeleo zinapokuja kujenga nyumba na kutengeneza miji yetu ya Homa Bay na Migori, humfikia nani? Swali hili si geni. Baba zetu waliliuliza kabla yetu, na majibu waliyoyapata hatuna budi kuyajua.

Zamani mji haukuhesabiwa kuwa makao ya Mwafrika. Mtu wa Karachuonyo, wa Gwassi au wa Suna aliyekwenda Kisumu au Nairobi alihesabiwa kuwa mtu wa kazi tu. Kazi ikiisha, arudi kwao. Aliandaliwa mahali pa kulaza ubavu, wala hakuandaliwa nyumba ya kukaa na mke na watoto. Nasi tuliliunga mkono wazo hilo pasipo kujua, kwa maana katika desturi yetu ya Kijaluo dala ndiyo nyumbani, na chumba cha mjini ni malalo. Desturi hiyo ni njema, lakini ilimpa mwajiri udhuru wa kumlipa mwenye jamaa mshahara wa mtu mmoja.

Mwaka 1950 Ernest Vasey alitoa taarifa juu ya nyumba za Waafrika katika miji na vituo vya biashara, akashauri kwamba Mwafrika apewe nafasi ya kumiliki nyumba mjini. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ikashauri mishahara imtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Kati ya taarifa hizo mbili, mwaka 1953, iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba, kazi yake kuzikopesha halmashauri za miji. Na huko Uingereza Shirika la Maendeleo ya Makoloni lilikuwa limekwisha kuundwa tangu mwaka 1948. Shirika hilo, lililo miongoni mwa mashirika ya kwanza duniani ya kukopesha kwa ajili ya maendeleo, nalo lilitoa mikopo kwa nyumba za Waafrika katika Kenya.

Katika miaka hiyo ndipo ilipojengwa mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, Nairobi. Wazee wanakumbuka kwamba jina hilo ni la ndugu yetu Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mtunza hazina wa Luo Union, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1953. Kisumu nako Luo Union ilijenga Ukumbi wa Ofafa kwa michango ya wanachama wake. Basi tazameni: jina ni moja, lakini majengo ni ya namna mbili. Nairobi mpangaji alipata paa zuri, akalipa kodi mwaka hata mwaka, naye akazeeka angali mpangaji. Kisumu mchangaji alitoa shilingi chache, naye akawa na haki ya kusema, "Ukumbi huu ni wetu."

Kabla ya hapo, mwaka 1947, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walikuwa wameanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, wakauza hisa kwa watu wetu, na kwa fedha hizo wakajenga Ramogi House mjini Kisumu. Hatusemi kwamba michango yaweza kujenga mji mzima. Haiwezi. Mabomba ya maji, mifereji ya maji machafu na barabara vyahitaji fedha nyingi kupita mfuko wa chama chochote. Lakini wazee hao walijua jambo ambalo baadaye lilisahauliwa, kwamba mwenye hisa huulizwa shauri, na mpangaji huletewa habari.

Baada ya uhuru Serikali iliunda Shirika la Taifa la Nyumba, mwaka 1967. Kisha ikaja Benki ya Dunia. Mwaka 1975 ilikubali mkopo wa Dandora, Nairobi, wa viwanja kama 6,000. Kila kiwanja kiliwekewa maji, choo na bafu, naye aliyepewa akajijengea vyumba vilivyobaki kwa nguvu zake. Mwaka 1978 mpango wa pili ulifika Mombasa na Kisumu, na mtaa wa Migosi ni tunda lake. Shabaha ilikuwa kuwapa makao watu wa mapato madogo. Lakini Dandora wengi waliopata viwanja walijenga vyumba vya kupangisha, na wengine wakahamia kwingine. Wapangaji wakawa wengi kuliko wenye viwanja. Hatuwalaumu, mwenye kiwanja alikuwa na deni la kulipa, na kodi ya vyumba ndiyo iliyolilipa. Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hapa harusi ilikuwa ya mwenye kiwanja, na aliyehudhuria matanga kila mwisho wa mwezi alikuwa mpangaji.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali mpango wa dola milioni 300 kwa ajili ya miji 59 katika kaunti 45, yaani kaunti zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Ili kupata fedha hizo mji ulitakiwa uwe na hati ya manispaa, bodi yake, na mpango wa maendeleo ulioandikwa. Fedha zenyewe zilikuwa za barabara, mifereji, taa, masoko na vituo vya magari. Hazikuwa za nyumba. Kadhalika, mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia matengenezo ya barabara kuu ya Isebania, Kisii na Ahero, ambayo yapita Migori, Awendo na Rongo.

Mambo hayo ni mema, nasi twayashukuru. Lakini barabara ikitengenezwa na taa zikiwashwa, kiwanja hupanda bei na chumba hupanda kodi. Mwenye hati hutajirika akiwa amelala. Mpangaji wa Shauri Yako mjini Homa Bay, au wa Oruba mjini Migori, huweza kuamka akute mji umekuwa mzuri kupita uwezo wake. Ni yale yale ya Dandora: mkopo wa maendeleo humfikia kwanza mwenye kiwanja. Asiye na kiwanja hufikiwa na deni, kwa kuwa mkopo wa dola hulipwa kwa kodi ya wote, hata ya yule anunuaye sukari robo.

Kuhusu nyumba zenyewe, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 yamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, naye mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwaka 2025, mwaka ambao Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Homa Bay, nyumba 110 zilikabidhiwa mjini humo. Sheria hiyo yazitambua nyumba za kijamii kuwa za mtu ambaye mapato yake hayafiki shilingi 20,000 kwa mwezi. Huyo ndiye mvuvi wetu, muuza omena, na kijana wa bodaboda. Fedha yao huja kwa siku, na mwezi mwingine haiji. Hawana karatasi ya mshahara ya kumwonyesha mkopeshaji.

Mlango mmoja uko wazi kwao. Kampuni ya taifa ya kuzipa benki fedha za mikopo ya nyumba, iliyoundwa mwaka 2018 na kupata fedha za Benki ya Dunia na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, hukopesha pia kwa njia ya vyama vya akiba na mikopo. Vyama vya kikabila vilivunjwa mwaka 1980, na Luo Union ikatoweka pamoja navyo. Lakini Sacco hupokea mtu yeyote aliye na akiba na mwenendo mwema, naye mwenye hisa ndani yake huulizwa shauri.

Kwa hiyo Kamati yawaomba wanachama mambo ya kawaida kabisa. Aliye na kiwanja na atafute hati yake wakati wazee wanaoijua mipaka wangali hai. Aliye mpangaji na ahudhurie baraza la manispaa kabla mpango haujatiwa sahihi, maana baada ya sahihi huwa amechelewa. Na kila mmoja aweke akiba mahali inapoandikwa. Wazee wetu walianza kwa shilingi za mfukoni, wakaacha kumbi zenye majina yao. Tusiwaachie watoto wetu risiti za kodi peke yake.